Weka pembeni

Mwezi wa saba, Uyole ni baridi tupu. Ukishuka kwenye daladala saa kumi na mbili asubuhi pale njia panda, barabara moja ikikata kwenda Tukuyu na Kyela, nyingine ikiendelea Makambako na Iringa, pumzi yako unaiona mbele ya uso kama moshi wa kuni mbichi. Msimu wangu wa kwanza kwenye ghala la mahindi nilikuwa na miaka 19. Kazi yangu ilikuwa kushika daftari na kutembea nyuma ya mzee wa bambo.

Kwa asiyelijua, bambo ni chuma chenye ncha, kina mfereji katikati. Unalichoma ubavuni mwa gunia bila kufungua mshono, punje zinateremka kwenye mfereji mpaka kiganjani. Mzee alikuwa akizitazama, anazinusa, anang'ata moja, kisha anasema neno moja kati ya matatu: "Pokea." "Rudisha." "Weka pembeni." Mimi naandika.

Hilo la tatu lilinitatiza. Gunia la kurudisha nililielewa, limeloa au limeoza katikati huku juu wamepanga mahindi mazuri. La kupokea nalo nililielewa. Siku moja nikajikaza nikamuuliza: "Mzee, samahani, hili mbona linaonekana sawa na lile la kwanza? Kwa nini liende pembeni?"

"Sijasema ni baya, mwanangu. Nimesema silijui."

Na hakuwahi kuchoma mahali pamoja mara mbili. Gunia hili chini kulia, linalofuata katikati, lingine karibu na mshono. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba wenye magunia walikuwa wakimsoma mkono. Angekuwa na mazoea, wangejua pa kuficha.

Miaka ikapita, nikasoma kompyuta, nikarudi kwenye ghala jingine la mtu binafsi huku huku Mbeya. Mwenye ghala alitaka programu. Kijana anapima unyevu kwa kipima cha mkono, anahesabu punje zilizovunjika, zilizotobolewa na fukusi au dumuzi, zilizobadilika rangi, na takataka. Namba tano zinaingia kwenye simu, simu inasema pokea au rudisha. Kila gunia linaachiwa konzi moja ya punje kwenye mfuko wenye namba. Jioni mifuko inakwenda kwenye tanuri na kwenye meza ya kuchambulia, na kesho yake mezani wanaandika jibu la kweli: safi au si safi. Programu inalisoma jibu hilo, inajirekebisha, na kuanza siku mpya ikiwa inajua zaidi kidogo. Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusisubiri tanuri tu. Hatusubiri kwa sababu mkulima aliyetoka mbali anataka kuondoka na hela yake mchana huo, apate gari la kurudi.

Programu ya namna hii hujifunza kwa mfululizo. Haipewi rundo la mifano mapema ikasoma ikamaliza. Inapewa gunia moja, inatamka jibu, inaambiwa ukweli, inapewa jingine. Inahesabiwa makosa tangu gunia la kwanza, kwa hiyo haina muda wa mazoezi. Nami niliijenga bila "weka pembeni". Niliona neno lile kama udhaifu wa macho ya mwanadamu, kitu ambacho kompyuta ingekiponya.

Nianze na unyevu peke yake, maana hapo ndipo nilipopigwa kwanza. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi makavu yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Si urasimu. Mahindi mabichi yakifungiwa kwenye gunia yanaota ukungu, na kuna ukungu unaotengeneza sumukuvu. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara sumukuvu iliua watu wapatao 20. Kwa hiyo kupokea gunia baya si hasara ya shilingi tu. Lakini kipima chetu kilikuwa cha bei nafuu, na mstari wa kweli unaotenga kavu na bichi juu yake haukuwa pale penye 13.5. Kilisoma tofauti kidogo na tanuri. Tulichojua ni kwamba mstari uko mahali fulani kati ya 12 na 16, na programu ilitakiwa kuutafuta yenyewe kwa kufuata majibu ya mezani.

Kwa wakulima wa kawaida iliutafuta vizuri. Siku chache tu, makosa yakapungua. Kisha akaja dalali mmoja.

Alikuwa mtu mpole, anasalimia kila mtu. Aliwauliza makuli magunia yake yamesoma ngapi, na kesho yake akauliza yapi yamekubaliwa mezani. Baada ya wiki alikuwa anajua nafasi iliyobaki kati ya gunia kavu lenye namba kubwa kuliko yote na gunia bichi lenye namba ndogo kuliko yote. Basi akawa analeta mahindi yaliyoanikwa yakafika katikati ya nafasi hiyo hiyo. Programu ikisema pokea, mezani yanatoka mabichi, naye ameshalipwa uzito wa maji. Ikijifunza na kubana, anashusha kidogo, inarudisha mazuri, na hapo anapiga kelele kwa mwenye ghala kwamba mashine inaonea watu.

Fikiria nafasi ni 12 mpaka 16. Anapiga 14, unakosea, inabaki 12 mpaka 14. Anapiga 13, unakosea, inabaki 13 mpaka 14. Anapiga 13.5. Kila kosa linakufundisha, maana nafasi imekatwa nusu, lakini nusu ya kitu ni kitu, na nusu yake tena ni kitu. Kipima chetu kilikuwa na tarakimu moja baada ya nukta, kwa hiyo mchezo ungeisha baada ya makosa matano au sita. Kipima chenye tarakimu nyingi kisingekuwa na mwisho huo.

Nilipoanza kusoma kwa nini, nilikuta watu walishalifikiria tatizo hili kabla sijazaliwa. Vladimir Vapnik na Alexey Chervonenkis, mwaka 1971, walitoa njia ya kupima ugumu wa familia ya kanuni, yaani kundi la kanuni ambamo programu inatafuta iliyo ya kweli. Swali lao naliweka kwa lugha ya ghalani: ni magunia mangapi ninaweza kuyapanga mbele yako, yakawa yanaweza kupata majibu ya kila mchanganyiko bila kanuni zako kugombana nayo? Kwa mstari mmoja wa unyevu, jibu ni 1. Gunia moja linaweza kuwa zuri au baya kutegemea mstari uko wapi. Mawili hayawezekani kwa kila namna, kwa sababu kavu haliwezi kuwa baya wakati bichi kuliko hilo ni zuri. Kipimo hicho, kiitwacho VC kwa herufi za majina yao, kikiwa 1, na magunia yakija bila hila, kujifunza ni rahisi mno.

Nick Littlestone, mwaka 1988, alitoa hesabu ya mtu anayejifunza huku anajibu gunia moja moja, mbele ya mpinzani anayesikia kila jibu kabla ya kuchagua swali linalofuata. Kipimo kinachobeba jina lake kinauliza: anaweza kukukosesha mara ngapi mfululizo, hata kama kanuni moja ya kweli ipo na haibadiliki? Kwa mstari uleule, ambao kipimo cha VC kilisema ni 1, kipimo cha Littlestone hakina mwisho kama tarakimu za kipima hazina mwisho. Dalali wangu alikuwa ameugundua ukweli huo kwa kuuliza makuli.

Pengo hilo lilinikosesha usingizi. Mahindi yaleyale, mstari uleule. Mkulima akija kama alivyo, unajifunza upesi, lakini mpinzani akiingia kwenye foleni, anaweza kukukosesha kwa kila gunia analoleta. Na maisha ya kawaida ni mchanganyiko wa hao wawili. Kila mwenye simu nchini anaujua mchanganyiko huu: meseji za kweli za ada na za harusi, halafu katikati yake ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Aliyeiandika hiyo hakuiandika kwa bahati. Aliijaribu, ikazuiwa, akabadili neno, akaijaribu tena.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee.

Nikarudisha neno la tatu. Namba ikiwa chini ya gunia kavu kubwa kuliko yote, pokea. Ikiwa juu ya gunia bichi dogo kuliko yote, rudisha. Ikiangukia katikati, pembeni. Programu hii haikosei hata mara moja, kwa sababu inajibu tu mahali ambapo hakuna kanuni yoyote iliyobaki inayopingana na jibu. Swali ni moja: itasema pembeni mara ngapi kwa magunia ya watu wema?

Jibu lake ni hesabu ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kuisoma, na inatosha kwenye kiganja. Chukua magunia 100 ya kweli, yaliyokuja bila mpangilio wa mtu. Yapange kwa unyevu. Ni mawili tu yanayopakana na mstari, kavu la mwisho na bichi la kwanza. Gunia la mia lingeangukia kwenye nafasi isiyojulikana kama tu lingekuwa mojawapo ya hayo mawili, na kwa kuwa yeyote kati ya 100 angeweza kuwa wa mwisho kufika, uwezekano wake hauzidi 2 kwa 100. Gunia la elfu, 2 kwa 1,000. Jumlisha kuanzia la kwanza mpaka la elfu, na wastani wa magunia mema yanayowekwa pembeni hauzidi 15. Kati ya 1,000! Na dalali je? Kila gunia analoleta, likipata jibu la mezani, linaibana ile nafasi. Hawezi kuipanua. Hila yake yote inageuka kuwa msaada kwa mkulima anayemfuata kwenye foleni.

Ushahidi huu wote umesimama juu ya jambo moja: jibu la mezani ni la kweli hata kwa gunia la mpinzani. Anachagua alete mahindi gani, hachagui tanuri litasema nini. Siku mtu atakapobadilishana mifuko ya sampuli usiku, hesabu yote inaanguka. Ndiyo maana kabla ya kugusa mstari mwingine wowote wa programu nilinunua kufuli la chumba cha sampuli.

Ningeishia hapo ningekuwa na makala ya furaha. Lakini ghala halipimi unyevu peke yake.

Ukiwa na namba tano, kanuni si mstari tena, ni sanduku. Gunia ni safi likiwa ndani ya kuta zote: unyevu usizidi hapa, zilizovunjika zisizidi pale, takataka zisizidi kiasi fulani. Mezani waliandika neno moja tu, safi au si safi, na gunia lililokataliwa halikusema ni ukuta upi uliolikataa. Niliipa programu sheria ileile ya mzee kama nilivyoielewa: jibu pale tu ambapo masanduku yote yanayowezekana yanakubaliana, vinginevyo pembeni. Kwenye mstari mmoja nafasi ya mabishano ilikuwa nyembamba kama uzi. Kwenye namba tano ikawa pori. Gunia lenye namba nne nzuri kuliko zote tulizowahi kuona, na ya tano kubwa kidogo kuliko zilizowahi kupokelewa, linaweza kuwa ndani na linaweza kuwa nje. Pembeni.

Mwenye ghala hakulalamika. Makosa yalikuwa sifuri, na dalali alianza kutafuta ghala lingine. Mimi mwenyewe nilitembea kifua mbele kwa wiki mbili.

Asubuhi moja nikafika mapema nikamkuta mama mmoja amekaa barazani, amejifunga kitenge juu ya blanketi, miguu kaikunja ndani. Alikuwa ametoka Umalila, ameteremka mpaka Mbalizi na gari la mizigo, kisha mpaka kwetu. Magunia manne. Yote yalikuwa pembeni tangu jana saa tano.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Magunia yangu yana kosa gani?"

"Hayana kosa, mama. Mashine haijayajua bado."

"Itayajua saa ngapi? Mtoto nimemwacha kwa jirani."

Sikuwa na jibu. Nikaingia ndani nikafungua namba zake. Mahindi makavu, meupe, hayana takataka hata chembe. Ila punje zilizovunjika zilikuwa nyingi kuliko za gunia lolote tulilowahi kulipokea. Nikatoka nikamuuliza aliyapukuchua vipi. Akanionyesha kwa mkono, kupiga juu na chini. Alikuwa ameyatia kwenye gunia akayapiga kwa fimbo, kama mama yangu alivyofanya na kama wanavyofanya wengi wasio na hela ya kukodi mashine ya kupukuchua. Wakulima wetu wa mwanzo wote walikuwa watu wa barabarani wenye mashine. Programu haikuwahi kumwona mtu kama yeye, kwa hiyo haikumjua, na kwa kuwa niliifundisha kwamba kutokujua ni bure, ilimlaza nje.

Mezani wakaandika safi, safi, safi, safi.

Nilikuwa nimeyaondoa makosa ya ghala nikayahamishia kwa watu. Nafikiri hilo ndilo jambo zito zaidi katika taaluma hii yote, na linasemwa kidogo mno. C. K. Chow aliandika mwaka 1957 juu ya mashine za kusoma herufi zenye ruhusa ya kukataa kujibu, na mwaka 1970 akaonyesha jinsi makosa na ukataaji vinavyobadilishana nafasi: unapunguza hiki, unaongeza kile. Mwaka 2010 Amin Sayedi, Morteza Zadimoghaddam na Avrim Blum wakatoa hesabu ya mabadilishano hayo kwenye kujifunza kwa mfululizo, na namba zake zilinishtua. Tuseme una kanuni 1,000, moja tu ni ya kweli, na mpinzani ndiye anayechagua kila swali. Ukifuata kura ya wengi na kujibu kila mara, hukosei zaidi ya mara 9, maana kila kosa linafuta angalau nusu ya kanuni. Ukikataa katakata kukosea, unaweza kulazimika kusema "sijui" mara 999. Ila ukijiruhusu kosa moja, moja tu, "sijui" zinashuka mpaka kama 45.

Nilisoma mstari huo mara tatu. Kosa moja linanunua zaidi ya "sijui" 900. Na mimi, kwa fahari ya sifuri yangu, nilikuwa nimekataa kulinunua, kwa sababu lingeandikwa kwenye daftari la ghala, wakati zile 900 hazikuandikwa popote.

Kazi iliyonisaidia kuziandika ni ya mwaka 2023, ya Surbhi Goel, Steve Hanneke, Shay Moran na Abhishek Shetty. Walianza pale pale nilipokwama: foleni ina magunia ya kweli, na mpinzani anaingiza ya kwake popote apendapo, majibu ya mezani yote ni ya kweli, na programu haiambiwi lipi ni la nani. Kisha wakaamua nani atozwe nini. Jibu la kosa linahesabiwa, gunia liwe la nani. Kusema pembeni kwa gunia la mpinzani ni bure. Kusema pembeni kwa gunia la mtu mwema ni deni, sawasawa na kosa. Nilipoona hesabu hiyo niliinuka kwenye kiti nikatembea. Mama wa Umalila alikuwa amepata safu yake kwenye daftari.

Ugumu ni dhahiri. Unatozwa kwa jambo ambalo hulijui hata baada ya kulifanya, kwa sababu gunia halijaandikwa ni la mkulima au la dalali. Walifanyaje?

Kwanza walichukua hali rahisi, kwamba unaufahamu vizuri mtawanyiko wa magunia ya kweli, yaani ni mangapi huangukia wapi. Turudi kwenye mstari mmoja. Dalali anakata nafasi nusu kwa upana wa namba. Wewe usipime kwa upana. Pima kwa wingi wa watu wema wanaoangukia ndani yake. Gunia likija katikati, tazama ni upande upi utakaobaki na watu wengi zaidi, jibu kwa kuamini upande huo. Ukikosea, unabaki na upande mdogo, yaani angalau nusu ya watu wamekwishajulikana. Makosa 10 na nafasi iliyobaki haina hata mtu mmoja kwa 1,000. Kuanzia hapo, chochote kitakachoangukia humo weka pembeni na usiumize kichwa, maana anayeendelea kugonga mlango mwembamba kiasi hicho karibu hakika si mkulima. Mpinzani anaweza kuendelea kukata nusu ya nusu milele, lakini anakata mahali ambapo hakuna mtu anayeishi. Kwa familia za kanuni zilizo pana zaidi wazo ni lilelile, kwa kipimo kilichotengenezwa kwa uangalifu zaidi, na jumla ya makosa pamoja na madeni inakua kwa mraba wa kipimo cha VC ukizidishwa na logi ya idadi ya magunia, namba inayokua polepole mno. Kipimo cha Littlestone, kile kisicho na mwisho, kimetoweka kwenye hesabu.

Lakini nani anaufahamu mtawanyiko wa wakulima wa Nyanda za Juu Kusini? Mahindi ya Umalila si ya Igurusi, na mwaka wa mvua za kuchelewa si kama mwaka huu. Wazo lao la hali ya pili ndilo nililolibeba ghalani, na nitalieleza kwa ukaribu, si kwa ukamilifu. Chukua gunia la zamani kwenye daftari, lifiche jibu lake, kisha uliza: bila jibu hili, programu ingelijua au lingekuwa kwenye pori la mabishano? Fanya hivyo kwa kila gunia la zamani. Idadi ya yale ambayo yangekuwa porini inakuambia pori lenu lina watu kiasi gani, bila kuhitaji kujua nani ni nani.

Sasa gunia jipya likija, jaribu majibu yote mawili. Kwa kila jibu, hesabu ni magunia mangapi ya zamani yangetoka gizani, yaani porini. Kisha mantiki inakuongoza kama mizani: jibu pale ambapo kosa lako, likitokea, litatoa idadi kubwa ya magunia gizani, na pasipo na faida hiyo weka pembeni. Kuna namba moja unayoichagua mwenyewe, inayosema "idadi kubwa" ni ngapi. Ukiipandisha, unakosea mara chache, unalaza watu wengi nje. Ukiishusha, kinyume chake. Ukiipanga vizuri, kwa familia zenye kipimo cha VC cha 1, na kwa masanduku ya aina yetu, jumla ya makosa na madeni inakua kama mzizi wa pili wa idadi ya magunia, na nyongeza kidogo ya logi. Si nzuri kama mstari wetu mmoja. Lakini kadiri msimu unavyoendelea, sehemu ya watu unaowakosea inazidi kupungua, hata kama dalali yumo kwenye foleni kila siku.

Sikuijenga kama walivyoiandika. Simu zetu zilikuwa ndogo na kijana wa zamu hakuwa na subira. Nilichofanya ni kuchukua kiini. Kila Jumapili, ghala likiwa limefungwa, niliichezesha programu upya kwa magunia ya wiki mbili zilizopita, nikificha jibu moja moja, nikahesabu ni mangapi yangekwenda pembeni na yalitoka wapi. Jumapili ya kwanza ilinionyesha wazi: magunia yaliyopigwa kwa fimbo karibu yote yalikuwa gizani. Nikaishusha ile namba. Programu ikaanza kuyajibu, ikakosea mara mbili, na majibu ya mezani, ya makosa hayo na ya yale iliyoyapatia, yakaonyesha ukuta wa punje zilizovunjika ulipo kwa wakulima wote waliokuja baadaye wakiwa wamepukuchua kwa mkono. Magunia mawili hayo ghala liliyalipa likayauza kwa watu wa chakula cha mifugo baada ya kupimwa. Mwenye ghala alikunja uso. Nilimwonyesha daftari lenye safu mpya, ile ya waliolala nje, akaisoma polepole na kuniambia niendelee.

Kitu cha pili hakikuwa cha kompyuta. Tuliwasha tanuri saa nne asubuhi badala ya jioni peke yake, kwa ajili ya magunia ya pembeni tu. Nilikumbuka kwamba mzee wa bambo, kila aliposema weka pembeni, alikuwa anamgeukia mwenye gunia na kumtajia saa ya kurudi. Miaka yote hiyo nilidhani ni adabu tu, nikaiacha nje ya programu.

Dalali bado anakuja mara mojamoja. Magunia yake mengi yanakaa pembeni, yanachukua nafasi kwenye sakafu, na hayatudhuru.

Msimu uliofuata mama wa Umalila alirudi na magunia sita. Matano yalipokelewa pale pale. La sita simu ikasema pembeni. Nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi: saa nane mchana. Akaingia ndani akakaa kwenye benchi karibu na tanuri, kwenye joto, akafungua chupa yake ya chai. Saa nane kasoro robo mezani wakaita namba yake.